Nyaya za Betri za Kubadilishia: Tathmini Baada ya Kuzifunga, Kuzipima na Kuzitumia kwa Miezi Minane

Seti ninayoitathmini hapa ina nyaya tatu: waya mrefu mwekundu unaotoka kwenye kichwa chanya cha betri hadi kwenye stata (mota inayoizungusha injini ili iwake), waya mfupi mwekundu unaokwenda kwenye boksi la fyuzi lililo kando ya betri, na waya mweusi wenye matawi mawili, ambao tawi moja hufungwa kwenye bodi ya gari na la pili kwenye giaboksi. Niliinunua kwa ajili ya gari lenye injini ya petroli ya silinda 4, nikaifunga kwa mikono yangu, nikapima umeme kabla ya kazi na baada yake, kisha nikakaa miezi minane ndipo nikaandika. Nilikawia kwa makusudi, kwa sababu waya wowote mpya hufanya kazi vizuri siku ya kwanza; kinachomfaa mnunuzi ni kujua hali yake baada ya kupigwa na joto la injini, mtikisiko, maji ya kuoshea gari na mvuke wa tindikali. Maoni yangu ni kwamba nyaya zenyewe ni bora na miunganisho yake imetengenezwa kwa ustadi, ila mtengenezaji amezembea katika mambo matatu yanayoweza kumkwamisha mtu aliyekwisha kulifungua gari lake na hana njia ya kulirudisha katika hali ya awali.

Kabla ya kueleza ubora wake, sina budi kueleza ugonjwa uliokuwapo, kwani bila huo tathmini hii haina kipimo. Gari lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, injini ikiwa baridi, lakini likishakwenda mwendo mrefu na kuzimwa kwa dakika kumi, stata ilizunguka kwa unyonge, na mara nyingine ilitoa mlio mmoja tu wa kugonga na kunyamaza huku taa za dashibodi zikififia. Nilibadilisha betri, hali ikatulia kwa wiki chache, kisha ikarudi. Fundi niliyempelekea alisikiliza mlio ule mara moja tu, hakupima chochote, akasema stata imekufa na ibadilishwe. Ningemsikiliza, ningetoa stata nzima iliyokuwa haina kosa na ugonjwa ungebaki palepale, ndani ya ganda la waya lililokuwa zuri kwa kulitazama.

Kipimo kilichofichua ukweli ni kupima upotevu wa volti, na ninashangaa kwamba hakifanywi mara nyingi zaidi, maana hakihitaji kitu isipokuwa multimita ya kawaida, yaani kifaa cha kupimia umeme, na mtu wa kusaidia kuzungusha ufunguo. Kwanza huondolewa fyuzi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Kisha ncha moja ya multimita hugusishwa kwenye kichwa chenyewe cha betri, yaani kile kipande cha risasi kilichochomoza, wala si kwenye terminali iliyokibana, na ncha ya pili hugusishwa kwenye bolti ya stata inayopokea waya mkubwa. Stata inapozungushwa kwa sekunde chache, namba inayoonekana ndiyo volti inayopotea njiani. Upande hasi hupimwa vivyo hivyo, kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini. Mafundi wengi huridhika na upotevu usiozidi volti 0.5 upande chanya na volti 0.2 upande hasi, na namba zikiwa ndogo zaidi ya hapo ndiyo heri. Kwangu upande chanya ulipoteza volti 0.72 na upande hasi 0.55. Betri ilionyesha volti 10.9 wakati stata inazunguka, lakini stata yenyewe ilikuwa ikipokea volti 9.6 pekee. Volti 1.27 zilikuwa zikigeuka joto ndani ya nyaya na maungio yake kila nilipozungusha ufunguo.

Mtu anaweza kuuliza volti 1 ina uzito gani. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea zinazokaribia 200 inapoizungusha injini, na kwa mkondo mkubwa kiasi hicho ukinzani wa sehemu 5 tu za elfu moja za ohm hutosha kula volti nzima. Ukinzani mdogo namna hiyo hauonekani kabisa kwenye multimita ya kawaida ukipima waya ukiwa umekaa bila mkondo, na ndiyo maana wengi hupima waya mbovu, wakaona sifuri, wakauachia huru na kuilaumu betri. Ukichanganya na joto, mambo huwa mabaya zaidi: ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo waya uliopita karibu na bomba la moshi, ukipanda kutoka nyuzi 25 hadi 95, unakuwa na ukinzani uliozidi kwa zaidi ya robo, na wakati huohuo koili za stata nazo zimepata joto. Gari langu lilikuwa likigoma pale tu lilipokuwa limechemka, na hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya sababu.

Nilipoipokea seti mpya, jambo la kwanza nililolifanya ni kuipima uzito. Sokoni kuna nyaya nyingi ambazo ndani yake ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, na kwa macho hazitofautiki na shaba halisi. Upitishaji wake wa umeme ni karibu thuluthi mbili tu ya ule wa shaba, lakini unene wake hutangazwa kana kwamba ni mamoja. Uzito haudanganywi kirahisi. Shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na alumini gramu 2.7. Waya mrefu wa seti hii una urefu wa mita 1.2 na mtengenezaji ameutaja kuwa na shaba ya milimita za mraba 35. Kwa hesabu hiyo shaba pekee inapaswa kufikia takriban gramu 376, na ukiongeza ganda na lagi mbili (vipande vya shaba vya mwishoni vinavyopokea bolti), waya mzima uzidi gramu 500 kidogo. Mizani ya jikoni ilisoma gramu 518. Waya wa alumini iliyovikwa shaba wa unene uleule usingefika gramu 350 hata pamoja na ganda lake. Nilikwangua pia ncha ya uzi mmoja uliochomoza kidogo kwenye tundu la ukaguzi la lagi, na chini ya wembe ukabaki mwekundu. Kwa hilo mtengenezaji amesema kweli, na ninampongeza.

Unene nao unastahili neno. Mtengenezaji ametaja milimita za mraba, na amefanya vyema, kwa kuwa wauzaji wengi hutaja namba za mfumo wa Kimarekani ambao namba ikipungua waya huongezeka unene: namba 4 ni takriban milimita za mraba 21, namba 2 ni 33.6, na namba 1/0 ni 53.5. Asiyejua hilo huweza kudhani namba 4 ni nene kuliko namba 2 na akanunua kinyume. Waya wa zamani wa gari hili ulikuwa wa milimita za mraba 25. Kwa urefu wa mita 1.2 na mkondo wa ampea 200, shaba ya milimita za mraba 25 hupoteza takriban volti 0.17, na ya 35 hupoteza takriban 0.12. Tofauti hiyo ni ndogo, na ni haki niiseme wazi, kwa kuwa kuna wanaoamini kwamba waya mnene zaidi ndio dawa ya kila kitu. Waya wangu wa zamani ulipoteza volti 0.72 kwa sababu ulikuwa umeoza, na hata mpya wa unene uleule ungeniponya. Unene ulioongezeka ni nyongeza njema, ila una gharama yake: waya mnene hupinda kwa shida, na nitalirudia hilo.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni lagi, yaani vile vipande vya shaba vyenye tundu la bolti vilivyobanwa mwishoni mwa kila waya. Waya wa betri haufi katikati. Hufia mwishoni, mahali shaba inapokutana na lagi au terminali, na hewa na tindikali hupenya kwenye upenyo mdogo ulioachwa na mbanaji mvivu. Lagi za seti hii zimetengenezwa kwa shaba iliyopakwa bati, zimebanwa kwa mashine ya haidroliki yenye taya za pembe sita, na alama za mbano ziko mbili kwa kila lagi, zimelingana kina pande zote. Juu yake limevutwa bomba la plastiki lenye gundi ndani, ambalo limesinyaa kwa joto hadi gundi ikachungulia ukingoni. Hiyo ndiyo dalili kwamba maji hayana mlango. Niliivuta lagi kwa nguvu zangu zote nikiwa nimekanyaga waya kwa mguu, haikusogea. Kuna wanaopendelea lagi zilizochomelewa kwa risasi na bati, nami nilikuwa mmoja wao, lakini mchomeleo hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kama kijiti, na hapo ugumu unapoishia ndipo nyuzi hukatika kwa mtikisiko wa injini. Mbano mzuri hauna shida hiyo.

Nilichana waya wa zamani kwa kisu baada ya kuutoa, na ninamshauri kila anayebadilisha afanye hivyo walau mara moja. Nje ganda lilikuwa laini, halina ufa. Ndani, kuanzia kwenye terminali hadi sentimita kumi hivi, nyuzi zilikuwa nyeusi, zimefunikwa unga wa kijani na samawati, na nyingine zilikatika nilipozigusa kwa ukucha. Unga huo ni chumvi za shaba zinazotokana na tindikali ya betri, na unapitisha umeme vibaya mno. Ulikuwa umetambaa chini ya ganda mahali ambapo brashi haifiki. Hii ndiyo sababu kusugua terminali kwa nje, kazi niliyokuwa nikiifanya kila mara kwa bidii, hakukusaidia.

Sasa niingie kwenye makosa. La kwanza na kubwa ni tundu la lagi ya tawi la giaboksi. Lagi zote za seti zina tundu la milimita 8, na bolti ya stata ya gari langu ni ya milimita 8, kwa hiyo huko mambo yalikwenda sawa. Lakini bolti ya giaboksi inayopokea waya hasi ni ya milimita 10, na tangazo la bidhaa liliorodhesha aina ya gari langu miongoni mwa yale yanayofaa bila marekebisho. Nililazimika kulitanua tundu kwa drili. Kutanua tundu la lagi si jambo la kulichukulia kwa wepesi, kwa kuwa chuma kinachobaki pembeni mwa tundu hupungua na bati lililopakwa hutoka, na shaba ikabaki uchi mahali penye maji na chumvi ya barabarani. Niliipaka sehemu hiyo bati upya kwa chuma cha kuchomelea. Asiye na drili angekwama hapo, gari likiwa juu ya stendi na waya wa zamani umekwisha katwa. Lagi mbili za ziada zenye matundu tofauti, au hata onyo la mstari mmoja kwenye tangazo, vingeondoa adha yote hiyo.

Kosa la pili ni kwamba waya wa stata haukuja na bomba la kinga. Waya wa zamani ulivaa bomba gumu lenye mikunjo mahali ulipopita nyuma ya injini, na kwenye kona moja ulishikwa na kishikio cha chuma ili usisogelee bomba la moshi. Waya mpya ulikuja na ganda lake tupu. Watu wanapaswa kufahamu kwamba katika magari mengi waya huu wa stata hauna fyuzi yoyote kati yake na betri. Ganda lake likichubuka na shaba ikagusa bodi, hakuna kitu kitakachoukata mkondo isipokuwa waya wenyewe kuyeyuka, na moto wa gari huanzia hapo. Kwa hiyo mtengenezaji anayeuza waya wa stata bila kinga ameacha kazi nusu. Nililihamisha bomba la zamani, nikalipasua kwa urefu na kulivalisha waya mpya, kisha nikalifunga kwa vibano vya plastiki vinavyostahimili joto. Lilienea kwa shida, kwani waya mpya ni mnene zaidi.

La tatu ni karatasi ya maelekezo, ambayo ina mchoro wa nyaya tatu na maneno yasiyozidi mistari sita. Haisemi lolote kuhusu mpangilio wa kufungua na kufunga. Upande hasi hufunguliwa kwanza na hufungwa mwisho, na sababu yake ni nyepesi kuelewa: bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza kufungua chanya na spana ikagusa chuma chochote cha gari, umeunganisha vichwa viwili vya betri kwa spana. Ukishatoa hasi, spana yako inaweza kugusa bodi bila madhara. Betri iliyotoka kuchajiwa huachia pia hidrojeni, nayo huwaka hewani ikifikia asilimia 4 tu, hivyo cheche karibu na betri si ya kuchezewa. Nilivua pete na saa, nikavaa miwani ya kinga, nikasubiri dakika kadhaa baada ya kutoa hasi ili umeme uliobaki kwenye mifumo ya mifuko ya hewa uishe kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Mambo haya yalistahili kuandikwa kwenye karatasi ile kabla ya kitu kingine chochote.

Kazi ya kufunga ilinichukua karibu saa tatu, na nusu ya muda huo ilikuwa kusafisha. Vichwa vya betri na sehemu zilizokuwa na unga nilizimwagia maji yaliyochanganywa na baikaboneti ya soda, ambayo huchemka povu inapokutana na tindikali na kunyamaza inapokwisha, nikiwa mwangalifu yasiingie ndani ya betri. Mahali tawi hasi linapofungwa kwenye bodi palikuwa na rangi na kutu chini ya lagi ya zamani. Nilipasugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kwa upana unaozidi lagi kidogo. Ninaamini hapo nako palichangia upotevu wa upande hasi. Waya mpya ungefungwa juu ya kutu ile, ungepimwa na kuonekana hauna faida, na lawama ingemwangukia mtengenezaji bure. Lagi hukaa moja kwa moja juu ya chuma kilichosafishwa, na washa, yaani ile pete bapa ya chuma, hukaa juu ya lagi, chini ya kichwa cha bolti. Nimeona magari ambayo washa iliyoota kutu imewekwa katikati, umeme ukalazimika kupita humo. Baada ya kukaza, na si kabla, nilipaka grisi juu ya ungio zima ili kuzuia unyevu.

Waya wa stata ndio uliosumbua. Milimita za mraba 35 hupinda kwa mduara mpana, na nyuzi za seti hii, ingawa ni nyembamba na nyingi kuliko za waya wa kiwandani, bado zilikataa kona kali iliyo chini ya kichujio cha hewa. Ilinibidi kutoa boksi zima la kichujio hicho ili nipate nafasi. Nilijifunza kuufunga kwanza kwenye stata bila kukaza, nikauelekeza njia yake yote hadi kwenye betri, ndipo nikarudi kukaza nati ya stata, kwa sababu nilipokaza mapema lagi ilizunguka na kuelekea kwenye chuma cha injini. Kwenye boksi la fyuzi tahadhari ni nyingine: bolti yake imeshikwa na plastiki, na mkono mzito huivunja.

Terminali za kubana vichwa vya betri zimetengenezwa vizuri na zinatofautiana ukubwa inavyopasa, maana kichwa chanya cha betri hufanywa kiwe kinene kuliko hasi ili mtu asikosee. Zinafaa vichwa vya kawaida, vyenye milimita 17.5 juu upande chanya na 15.9 upande hasi. Mwenye betri ya vichwa vyembamba, kama zile za magari mengi madogo ya Kijapani ambazo chanya ni milimita 14.7 na hasi 13, hizi zitamlegea hata akaze vipi, na kuchomeka kipande cha bati katikati si suluhisho. Apime kabla ya kununua. Vilevile, magari mapya mengi yana kihisi cha mkondo kilichofungwa kwenye terminali hasi, ambacho huiambia kompyuta ya gari hali ya betri. Seti hii haina nafasi yake. Gari langu halina kihisi hicho, na mwenye nacho namshauri aitafute seti nyingine.

Nilipomaliza nilirudia vipimo vilevile, kwa multimita ileile, injini ikiwa imechemka kama awali. Upande chanya sasa ulipoteza volti 0.17 na upande hasi 0.08. Betri ilishuka hadi volti 10.7 wakati wa kuzungusha, chini kidogo kuliko zamani, na hilo ni la kutarajiwa kwa kuwa stata iliyopata njia iliyo wazi huvuta mkondo zaidi. Lakini stata ilipokea volti 10.45 mahali pa 9.6. Tofauti ilisikika masikioni kabla ya kusomeka kwenye kipimo. Kijana wangu aliyekuwa akizungusha ufunguo alitoa kichwa dirishani akauliza, "Baba, umebadilisha na stata?"

Kuna faida ambayo sikuitegemea. Taa na feni zikiwa zimewashwa, altaneta, yaani mashine inayoichaji betri injini ikiwaka, ilikuwa ikitoa volti 14.3, ila kwenye betri zilikuwa zikifika 13.9. Baada ya kubadilisha nyaya, betri inapokea 14.2. Betri ya risasi inayokaa muda mrefu bila kujaa kikamilifu hujenga fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani zake na kupoteza uwezo mapema. Nina hakika kubwa kwamba betri niliyoibadilisha kwanza, nikaitupia lawama, iliuawa polepole na nyaya zilezile nilizoziacha mahali pake nilipoweka mpya. Hilo liliniuma, kwa sababu ilikuwa betri ambayo bado ingenitumikia.

Katika miezi minane iliyopita nimekagua mara tatu. Baada ya wiki mbili nilikuta nati ya terminali chanya imelegea robo mzunguko, jambo la kawaida kwa chuma laini kinachokaa mahali pake. Niliikaza, na haijalegea tena. Ganda halijabadilika rangi wala kukakamaa, hata mahali panapokaribia bomba la moshi. Bati la lagi limefifia kidogo upande wa giaboksi, pale nilipotanua tundu, na ndipo ninapopaangalia kwa wasiwasi zaidi. Kifuniko chekundu cha plastiki cha terminali chanya ni chepesi mno, kimepasuka kwenye bawaba na nimekibadilisha kwa cha zamani, ambacho kwa bahati kilienea. Kipimo cha mwisho, nilichokifanya wiki hii kabla ya kuandika, kilisoma volti 0.18 upande chanya na 0.08 upande hasi.

Nitainunua tena seti hii kwa gari jingine la nyumbani ambalo nyaya zake zimeanza kuota unga, na safari hii nimekwisha kupima bolti zake zote, nimeandaa bomba la kinga, na nimemwandikia mtengenezaji kumwomba lagi moja ya tundu la milimita 10.